Spika za mbele katika gari la zamani: mahali kwanza, spika baadaye

Ukiingia duka la spika za gari pale Nyawera, mjini Bukavu, au ukipanda hadi soko la Kadutu, muuzaji atakuuliza wati ngapi. Ukimjibu 100 atakuonyesha za 300, na ukisita kidogo atatoa boksi lililoandikwa 600. Mtu anayetafuta spika za mbele za Peugeot 404, za Volkswagen Coccinelle au za Land Rover iliyobaki na bodi yake ya kwanza hana haja ya mazungumzo hayo, walau si mwanzoni. Magari haya hayakujengwa kwa ajili ya spika mbili za mbele. Mengi yalitoka kiwandani na spika moja ya yai katikati ya dashibodi, au na nafasi tupu tu ya kuiweka. Kwa hiyo swali la kwanza ni spika itakaa wapi, itashikwa na nini, na hewa iliyo nyuma yake itaenda wapi. Ninachotetea hapa ni kwamba spika ya bei ya wastani iliyofungwa vizuri itaishinda ya ghali iliyofungwa ovyo, na kwamba katika mji wa milima, mvua na mashimo kama Bukavu tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwingine.

Tuanze na wati, kwa sababu ndizo zinazowapoteza wengi. Injini ikiwa inawaka, umeme wa gari la volti 12 unafika kama volti 14. Ampli ndogo iliyomo ndani ya redio ya kawaida haina namna ya kuzipandisha. Hata ikizitumia zote, kwenye spika ya omu 4 itatoa kama wati 20 kabla sauti haijaanza kupasuka. Ile "4 x 50" iliyoandikwa usoni mwa redio ni kilele cha kitambo kidogo sana, na "600" ya kwenye boksi la spika ni rangi tu. Nambari yenye maana imeandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma wa boksi: unyeti, yaani desibeli ngapi zinatoka kwa wati 1 ukisikiliza umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hapo zinakupunguzia nusu ya umeme unaohitajika. Spika ya desibeli 92 itasikika kwa wati 20 sawasawa na ya desibeli 89 inayolishwa wati 40, na hizo 40 redio yako haina. Mwenye gari la dainamo, ambalo taa na waipa peke yake zinatosha kulichosha usiku wa mvua, aisome nambari hiyo kabla ya kusoma jina la kampuni.

Hata hivyo unyeti haufai kitu kama spika imening'inia. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Pande hizo mbili zikikutana kupitia ufa au tundu lisilozibwa, zinafutana, na zinazofutika zaidi ni sauti nzito. Ndiyo maana spika ukiishika mkononi inatoa sauti nyembamba kama ya simu, hata iwe ya bei gani. Mlango wa gari la zamani umejaa matundu: la kushikia mtambo wa kioo, la kitasa, na yale makubwa ambayo kiwanda kiliyaacha ili fundi aingize mkono. Spika ikifungwa kwenye kadibodi ya mlango peke yake, kadibodi inatetemeka nayo, hewa inapita kotekote, na sauti ya mtangazaji mwanamume, inayoanzia karibu na hezi 100, inapoteza kifua chake. Mwenye gari hudhani spika ni mbovu, akanunua nyingine, kisha nyingine tena.

Kwa hiyo kabla ya kununua, chagua mahali. Dashibodi ni pa kwanza kufikiriwa, kwa kuwa tundu lipo na hukati kitu. Kuna spika za inchi 4 na za yai zenye koili mbili ndani ya fremu moja, zilizotengenezwa kwa magari ya aina hii: upande wa kushoto wa redio unaingia koili moja, wa kulia koili nyingine, na kila kitu kinakaa nyuma ya wavu wa zamani. Kwa habari na mazungumzo hilo linatosha kabisa. Mahali pa pili ni mlango, penye nafasi ya spika ya sentimita 16, ambayo koni yake ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya sentimita 10, yaani inchi 4. Pa tatu ni ubavuni mwa miguu, chini ya dashibodi, mbele ya bawaba za mlango. Hapo spika zote mbili zinakuwa mbali na masikio ya dereva kwa umbali unaokaribiana. Mlangoni, ya upande wa dereva inaweza kuwa sentimita 70 kutoka kwake na ya abiria sentimita 130. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa elfu moja ya sekunde, basi moja inafika mapema na wimbo wote unaegemea upande mmoja. Ila angalia kwanza kama ubavu huo hauna mlango wa hewa, na kama mguu wa klachi unapata pa kupumzika.

Kama gari ni lako na unalitumia kila siku, napendelea ubavuni mwa miguu, kisha mlangoni. Sababu yenyewe ni kelele. Gari la umri huu likipanda mlima kwa gia ya pili linanguruma, na mngurumo wake uko kwenye sauti nzito. Besi yoyote utakayoilipia itamezwa humo. Unachoweza kuokoa ni sauti za kati, zinazobeba maneno: konsonanti ndizo zinazotofautisha neno na neno, na nyingi zinaishi juu, kati ya hezi 2,000 na 5,000. Anayefuatilia Radio Maendeleo, iliyoanza mjini hapa 1993, au taarifa za Radio Okapi, anahitaji konsonanti hizo zimfikie kabla ya kelele. Kwa kuwa sauti za juu husafiri kwa mstari kama mwanga wa tochi, spika ya miguuni au ya chini ya mlango isielekezwe kwenye goti la abiria. Iinue kidogo kuelekea katikati ya paa, au nunua zile zenye tweta, yaani kispika cha sauti za juu, inayozungushwa.

Mlango ukiwa ndio uliochaguliwa, kina kinapimwa kioo kikiwa kimeshushwa chote, si kikiwa juu. Rula haifiki vizuri mle ndani. Chukua donge la bugali lililopoa, lifunge kwenye karatasi ya plastiki, libandike nyuma ya kadibodi pale sumaku itakapokaa, rudisha kadibodi, kisha shusha kioo polepole. Ukifungua, unene uliobaki wa donge ndio nafasi uliyo nayo. Toa sentimita 1 ya usalama, maana kioo cha zamani hakitulii: kwenye mashimo kinacheza mbele na nyuma, na sumaku inayokigusa mara moja kwa siku itakipasua siku moja. Nafasi ikikosekana, usitafute spika nyembamba mara moja. Pete ya triplexi ya milimita 18, iliyokatwa na seremala yeyote na kupakwa vanishi pande zote pamoja na ukingo wa ndani, inaisogeza spika kuelekea chumbani na wakati huohuo inaipa kitu kigumu cha kushika. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa ziache dukani, zinavimba.

Zinavimba kwa sababu mlango wa gari si mahali pakavu, na haukuundwa uwe pakavu. Maji yanateremka na kioo, yanaingia ndani, yanatokea kwenye matundu madogo ya chini. Hapa mvua inaanza Septemba na kwenda hadi Mei, kwa hiyo spika ya mlangoni ina miezi 9 ya unyevu na miezi 3 ya vumbi jekundu. Koni ya karatasi isiyopakwa kitu italainika, na ukingo wa sponji utaoza na kumeguka. Chukua koni ya plastiki na ukingo wa mpira, hata kama ile ya karatasi ilikuwa tamu zaidi dukani. Juu ya sumaku weka paa dogo la plastiki nzito au la mpira wa tyubu, lililofunika nusu ya juu tu ili maji yapite bila kuigusa na hewa ibaki huru chini. Ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa na kiwanda nyuma ya kadibodi, ambayo mafundi wengi huichana na kuitupa, irudishe, au ikate mpya na kuibandika kwa mastiki. Kazi yake ni kuzuia maji, na ukiibandika vizuri inasaidia pia kuziba yale matundu niliyoyataja. Matundu makubwa yafunike kwa bati jepesi lenye mastiki pembeni. Kabla ya kufunga, mwaga kikombe cha maji juu ya kioo na uhakikishe yanatokea chini ya mlango.

Pete ifungwe kwa bolti na nati zenye plastiki ndani. Skurubu za kujitoboa kwenye bati la milimita moja hulegea baada ya wiki chache za barabara zetu, kisha mtu anaanza kusikia mtetemo na kulaumu spika. Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, basi bodi yake haina deni la kuthibitisha uimara kwa yeyote. Skurubu ya bei ndogo haikuwemo kwenye mashindano hayo. Waya unaotoka bodini kwenda mlangoni upite ndani ya mpira, wenye urefu wa kutosha kukunjika mlango ukifungwa, la sivyo bati litaukata.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kujisumbua, kwani spika mbili za yai za inchi 6 kwa 9 kwenye ubao wa nyuma zinapiga kuliko chochote cha mbele. Kwa besi wana haki: buti zima linakuwa boksi lake, pande mbili za koni hazikutani, na hakuna mlango utakaoshindana na hilo. Lakini maneno yanatoka kisogoni, abiria wa nyuma wanapigiwa masikioni ili dereva asikie, na gari lisilo na buti la kujitenga, kama Peugeot 504 Break, halina ubao huo hata kidogo. Ukizipenda, ziache ziwe chini kidogo na za mbele ziongoze. Wengine watasema ampli kubwa itamaliza kila kasoro. Ampli huongeza inachopewa. Kama hewa inavuja, inaongeza uvujaji, na dainamo ndiyo inayolipa.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wanaosema gari la zamani lisiguswe. Nakubaliana nao kuhusu bati. Mlango wa 404 haupatikani dukani, na ukingo uliokatwa bila kupakwa rangi ya kuzuia kutu huanza kuoza msimu huohuo wa mvua. Ila kadibodi ya mlango ni kitu kingine: inatolewa, inahifadhiwa juu ya kabati, na nakala yake ya triplexi nyembamba iliyofunikwa ngozi ya rangi ileile ndiyo inayotobolewa. Ubavuni mwa miguu ni vivyo hivyo, kiboksi kinashikwa na bolti za kiwanda zilizopo tayari. Na asiyetaka hata hilo, spika ya koili mbili ndani ya dashibodi itamtosha.

Umeme nao una mitego yake kwa magari ya umri huu. Coccinelle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na redio ya leo haitawaka humo bila kibadilishaji. Land Rover Series II, iliyoanza 1958, ilitoka kiwandani bodi ikiwa imeunganishwa na chanya ya betri. Redio mpya ikiunganishwa kama kawaida inaweza kuungua papo hapo. Pima kwa mita kabla ya kukata waya wowote. Mtego unaopita mingine yote ni waya wa spika ya zamani. Spika ile moja ya dashibodi mara nyingi ilikuwa na waya mmoja tu kutoka kwenye redio, na mguu wa pili umegusishwa bodini. Redio za sasa hazikubali hivyo: hasi ya spika ikigusa bodi, ampli ya ndani inaweza kufa. Vuta nyaya mpya, mbili kwa kila spika, moja kwa moja hadi kwenye redio, na ule waya wa zamani uzibe ncha uuache ulipo.

Kabla ya kurudisha kadibodi, chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5. Kwenye nyaya zinazotokea nyuma ya redio, zikiwa hazijachomekwa, gusisha chanya ya betri kwenye waya wa chanya na hasi kwenye hasi, kwa kitambo kidogo tu, huku mwenzako akitazama koni. Inapaswa kuruka kuelekea nje. Fanya hivyo na upande wa pili. Moja ikiruka nje na nyingine ikivutwa ndani, badilisha nyaya za hiyo ya pili kwenye spika yenyewe, kwa sababu zikiachwa hivyo zitafutana hata kama kila tundu limezibwa.