Zawadi Isiyomharisha Mtoto wa Mbwa

Ukimleta mjini mtoto wa mbwa kutoka Dundori, kwenye ng'ombe na viazi vingi, usimfunze kwa kumtuza maziwa. Akishaachishwa kunyonya, uwezo wa tumbo lake kusaga sukari iliyomo katika maziwa hupungua, naye huhara. Usipuuze hali hiyo. Mwili mdogo hukauka maji upesi, na anaweza kufa.

Je, umpe nini? Nyama ya kifua cha kuku ndiyo bora. Ichemshe bila chumvi, mafuta wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, hata kikipikwa), kisha uikate vipande kama punje ya mahindi. Mbwa huvutiwa na harufu kuliko ukubwa. Tumbo likikataa kuku, jaribu kiazi kitamu au boga. Viazi vya kawaida vyafaa pia vikiiva, ila tupa maganda ya kijani.

Maini huyapenda mno, lakini mpe machache, yaliyoiva kabisa. Maini mabichi ya kondoo huweza kuwa na vifuko vya tegu. Mbwa akiyala hueneza mayai ya mnyoo huyo kwa kinyesi, na watoto wako wanaweza kuambukizwa.

Chakula kipya kimoja kwa siku tatu, nazo zawadi zisizidi moja kwa kumi ya chakula chake cha siku.

Akihara damu au akitapika na kukataa kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huenda ni parvo, na hiyo haiponi kwa kuku wa kuchemsha.