Ligi imesimama, Dodoma Jiji naifuatiliaje?

SWALI: Naishi Miyuji, ni shabiki wa Dodoma Jiji. Ligi ikiisha, kijiweni ni tetesi za Simba na Yanga tu. Timu yangu niifuatilieje, na usajili wa kweli nitaujuaje?

JIBU: Ndugu yangu, anza na mikataba, majina yatafuata. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu kuzungumza na klabu nyingine. Ukijua mkataba wa nani unakwisha, umeshajua nani anaweza kuondoka bure. Kiungo Clatous Chama alimaliza mkataba Simba, na Julai 2024 Yanga wakamtangaza. Wengi walipigwa na butwaa, ila aliyehesabu miezi hakushangaa sana.

Picha ya mchezaji aliyeshika kalamu isikutoe roho. Subiri tangazo la klabu. Na mchezaji akija kutoka nje ya nchi, hachezi mpaka hati yake ya uhamisho wa kimataifa ifike.

Timu yetu ni ya Halmashauri ya Jiji, iko Ligi Kuu tangu 2020, na kwa fedha haishindani na Simba na Yanga, wale wawili wa Kariakoo. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: kocha anabaki? Mabeki wa kati wanabaki? Mshambuliaji mpya huvuta macho, lakini timu ya kiwango chetu huponea kwenye ulinzi. Mechi za kirafiki zikianza, acha matokeo. Tazama nani anacheza na nani pale nyuma.