Ubuyu Mweupe na Mabuyu Mekundu: Somo la Afya kwa Kila Nyumba

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, tangu Ngome ya Yesu kufuata Ndia Kuu, hakosi kuyaona mabuyu yakiuzwa katika vifuko vidogo, mekundu ya kung'aa. Watoto huyanunua watokapo chuoni, na wazazi huwapa fedha bila kusita, kwa kuwa wamesikia kwamba ubuyu ni tunda lenye faida nyingi mwilini. Neno hilo ni kweli. Lakini faida hiyo imo katika ubuyu mweupe kama utokavyo ndani ya kaka lake, na si yote ibakiayo baada ya kupikwa katika sukari na rangi. Kusudi la somo hili ni kueleza faida hiyo ni ipi, kiasi chake ni kipi, na jinsi watu wa nyumbani wawezavyo kuipata kwa gharama ndogo.

1. Mti na tunda lake

Mbuyu hauhitaji kuelezwa kwa watu wa pwani. Mibuyu mikubwa ingali imesimama katika kisiwa cha Mombasa, hasa upande wa Likoni kando ya barabara ya Mama Ngina, na mingi zaidi iko Kilifi na Kwale. Hata bara, katika nchi ya Ukambani, Kitui na Makueni, mti huu unajulikana sana. Wataalamu wa mimea waliuita Adansonia, kwa jina la Mfaransa Michel Adanson, aliyefika Senegal mwaka 1749 akaandika habari zake.

Tunda lake ni buyu. Nje lina kaka gumu lenye manyoya laini. Ndani mna mbegu nyeusi zilizofunikwa na unga mkavu, wenye rangi nyeupe au ya maziwa, uliofungamana na nyuzi. Unga huo pamoja na mbegu zake ndio uitwao ubuyu. Ajabu yake ni hii: matunda mengi huwa na maji mengi na huoza upesi, lakini ubuyu hukauka wenyewe ungali mtini. Kwa sababu hiyo waweza kuwekwa miezi mingi bila ya barafu wala dawa, mradi usipate unyevu.

2. Kiseyeye na mabaharia waliofika Mombasa

Ili kuifahamu faida ya ubuyu, yafaa kwanza tukumbuke maradhi ya kiseyeye. Mtu mwenye kiseyeye huvimba ufizi na kutoka damu, meno hulegea, vidonda havifungi, na mwili huwa mchovu. Zamani maradhi haya yaliua mabaharia wengi mno.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa zikiwa na wagonjwa. Mmoja wa wasafiri hao aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa kwa wingi, na kwamba wagonjwa wao walipata nafuu walipokuwa hapo. Mwandishi huyo alisema sababu ni hewa nzuri ya mji. Leo twajua kwamba hewa haiponyi kiseyeye; yaelekea sana kuwa kilichowafaa ni yale matunda waliyoletewa na wenyeji.

Ilipita miaka mingi kabla ya jambo hili kupimwa. Mwaka 1747, daktari wa merikebu za Uingereza, James Lind, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa yao. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wengine. Baadaye, katika karne ya 20, wataalamu waliitambua dawa yenyewe iliyomo katika matunda hayo, wakaiita vitamini C. Na Albert Szent-Györgyi, mzaliwa wa Hungary, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusu jambo hilo.

Basi, vitamini hiyo hiyo imo kwa wingi katika ubuyu.

3. Yaliyomo ndani ya ubuyu

Katika gramu 100 za unga wa ubuyu, vipimo vingi huonyesha miligramu 150 mpaka 300 za vitamini C. Mibuyu haifanani: mmoja huzaa matunda yenye vitamini nyingi kuliko mwingine. Gramu 100 za chungwa zina kama miligramu 50 tu.

Vitamini C ina kazi nyingine iliyo kubwa kwa watu wetu. Madini ya chuma, ambayo ndiyo yajengayo damu, yamo katika maharagwe, kunde na mchicha, lakini mwili huyapokea kwa shida yatokapo katika mimea. Mtu akila chakula hicho pamoja na kitu chenye vitamini C, mwili huyapokea zaidi. Chai ya rangi au ya maziwa inywewayo pamoja na chakula hufanya kinyume chake, yaani huyazuia. Kwa hiyo mwenye kula wali na maharagwe angefanya vema kunywa maji ya ubuyu wakati wa chakula, na kuiacha chai mpaka baadaye. Wanawake wenye mimba na watoto, ambao ndio wapungukiwao na damu mara nyingi, wanahitaji shauri hili kuliko wote.

Tena, ubuyu una nyuzinyuzi nyingi sana, zikaribiazo nusu ya uzito wa unga wake. Nyuzinyuzi hulainisha choo na husaidia matumbo kufanya kazi yake. Pia umo madini ya kalsiamu, ambayo hujenga mifupa na meno, na potasiamu, yenye kazi katika moyo na misuli.

4. Mizani ya haki

Mwaka 2008 nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa huko kama chakula kipya, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Tangu hapo wafanya biashara wameutangaza kuwa ni tunda lipitalo matunda yote. Jina hilo ni la soko, si la tiba. Msomaji mwenye busara hana budi kuuliza: kinachopimwa ni nini, na kinalinganishwa na nini?

Ubuyu ni mkavu, na chungwa limejaa maji. Kupima gramu 100 za hiki na gramu 100 za kile ni kama kupima samaki mkavu na samaki mbichi. Zaidi ya hayo, hakuna alaye gramu 100 za ubuyu kwa mara moja. Mtu huweka vijiko viwili vikubwa vilivyojaa katika gilasi, navyo ni kama gramu 15 au 20. Kiasi hicho chaweza kumpa kama miligramu 22 mpaka 60 za vitamini C. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kuwa mtu mzima ahitaji kama miligramu 45 kwa siku. Basi gilasi moja ya ubuyu safi yaweza kukaribia chungwa moja, na kutoa sehemu kubwa ya haja ya siku nzima, pengine hata yote. Hiyo ni sifa kubwa, wala haihitaji kutiwa chumvi.

Tufanye vivyo hivyo na kalsiamu. Husemwa kwamba ubuyu una kalsiamu kuliko maziwa. Kwa uzito ni kweli, lakini vijiko viwili vya ubuyu vitatoa kama miligramu 50, na kikombe cha maziwa cha mililita 200 hutoa zaidi ya 200. Kwa hiyo mtoto asinyimwe maziwa kwa sababu amepewa ubuyu. Na kwa kuwa ubuyu una protini kidogo mno, hauwezi kushika mahali pa samaki, mayai au kunde.

5. Mabuyu mekundu

Sasa turudi kwenye vile vifuko vya Mji wa Kale. Wapishi wa mabuyu huchemsha maji na sukari mpaka yawe mazito, wakatia rangi, iliki na pengine pilipili na chumvi, kisha wakachanganya na ubuyu. Ni ufundi wa zamani, na akina mama wengi wamelea watoto wao kwa biashara hiyo. Hakuna haja ya kuwalaumu. Lakini kila mnunuzi yampasa ajue mambo matatu.

La kwanza, rangi nyekundu haikutoka mtini. Ubuyu wa asili ni mweupe. Rangi ya chakula iliyokubaliwa na Shirika la Viwango la Kenya ni jambo moja, na rangi isiyojulikana asili yake ni jambo jingine. Ulizeni, na mpende kununua mabuyu yaliyofungwa vizuri na yenye jina la aliyeyatengeneza.

La pili, vitamini C huharibiwa na moto. Ubuyu uliotiwa katika sukari inayochemka hupoteza sehemu ya kile tulichokitafuta.

La tatu, na ndilo kubwa, ni sukari yenyewe. Mabuyu hufyonzwa polepole, moja baada ya jingine, na sukari pamoja na ukali wake hukaa juu ya meno muda mrefu. Hivyo ndivyo meno yatobokavyo. Mwaka 2015 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri kwamba ni bora mtu mzima asipitishe kama vijiko 6 vidogo vya sukari ya kuongezwa kwa siku. Mtoto mdogo anahitaji kiasi kilicho chini ya hapo. Kwa hiyo mabuyu mekundu yahesabiwe kuwa peremende za sikukuu, yasihesabiwe kuwa matunda. Na mtoto akisha kuyala, asukutue kinywa kwa maji.

6. Namna ya kutengeneza maji ya ubuyu

Nunua ubuyu mkavu usio na harufu ya uvundo wala madoa ya kuvu. Kwa kila gilasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia ubuyu wa kutosha kutoa vijiko viwili vikubwa vya unga. Uache nusu saa, kisha ukoroge kwa mwiko mpaka unga uachane na mbegu. Chuja kwa chujio la matundu makubwa. Kitambaa kizito huzuia nyuzinyuzi, ambazo nazo ni faida. Ukali ukizidi, ongeza maji au tui jepesi la nazi, na sukari isizidi kijiko kimoja kidogo.

Ukipenda kuutia katika uji, kama wafanyavyo Wamijikenda wengi, epua chungu kwanza, uji upoe kidogo, ndipo ukoroge unga ndani yake.

7. Maonyo

Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe ubuyu wala maji yake. Maziwa ya mama yamtosha. Watoto wadogo wasipewe mbegu, kwa kuwa zaweza kuwakaba roho. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini na apelekwe zahanati. Asicheleweshwe kwa kupewa ubuyu peke yake. Mwenye kisukari asiache dawa zake kwa kusikia sifa za tunda lolote.

Wazee walisema kwamba mbuyu ulianza kama mchicha. Desturi njema nazo huanza hivyo hivyo: gilasi moja ya ubuyu mweupe mezani, mahali pa soda au chai, nayo ikiendelea siku baada ya siku itaonekana katika damu ya mama na katika meno ya mtoto.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ubuyu waweza kuwekwa muda mrefu bila kuoza?
2. Daktari Lind alijuaje kwamba machungwa na malimau ndiyo yaliyoponya?
3. Kwa nini si haki kulinganisha gramu 100 za ubuyu na gramu 100 za chungwa?
4. Mtu alaye maharagwe anywe nini pamoja nayo, na kwa sababu gani?
5. Taja mambo matatu ambayo mnunuzi wa mabuyu mekundu yampasa kuyajua.