Simu Isiyojua Ilipo: Namna ya Kuchunguza na Kurekebisha Hitilafu ya GPS

Dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa njia ya programu ya simu hupata hasara mara mbili simu yake inapokosea mahali alipo. Kwanza, ombi la abiria aliyesimama hatua chache kutoka kwake hupelekwa kwa dereva mwingine. Pili, nauli inayokokotolewa kwa umbali huweza kutoka pungufu, kwa kuwa safari iliyorekodiwa siyo ile aliyoiendesha. Akienda kwa fundi, huenda akaambiwa kwamba “GPS imekufa” na kutakiwa kulipia kifaa kipya, ilhali tatizo ni ruhusa moja tu iliyozimwa katika mipangilio. Somo hili linamwelekeza mlaji ajichunguzie mwenyewe kabla ya kutoa fedha, na linaeleza haki zake pale itakapobainika kwamba simu ni mbovu kweli.

Jinsi simu inavyojua mahali ilipo

GPS ni mfumo wa setelaiti za Marekani zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila setelaiti hutangaza wakati wote saa yake na mahali ilipo. Simu hupokea matangazo hayo, hupima muda yaliotumia kusafiri, kisha hukokotoa umbali wake kutoka kila setelaiti. Ili ipate jibu kamili, inahitaji kusikia setelaiti zisizopungua nne kwa wakati mmoja, kwani pamoja na mahali inapaswa kusahihisha saa yake yenyewe. Usahihi wa saa si jambo dogo hapa: kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300 hivi ardhini. Simu nyingi za siku hizi husikiliza pia setelaiti za Urusi, za Ulaya na za China, na ndiyo maana hupata mahali upesi kuliko simu za zamani.

Mambo mawili yatokanayo na maelezo hayo yafaa kukumbukwa. La kwanza ni kwamba simu hupokea tu. Haipeleki chochote kwa setelaiti, na setelaiti hazimjui mtu yeyote. La pili ni kwamba GPS haitumii bando wala haitegemei mnara wa kampuni ya simu. Mlaji anayepeleka malalamiko kwa mtoa huduma wake wa mawasiliano kwa sababu GPS haifanyi kazi anabisha hodi mlango usio wake. Hata hivyo, intaneti husaidia kwa namna nyingine: simu hupakua kwayo taarifa za mahali setelaiti zilipo, badala ya kusubiri kuzisikia kutoka angani polepole. Kwa hiyo simu isiyo na bando, iliyozimwa kwa siku nyingi au iliyosafirishwa mbali, huweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kujitambua mara ya kwanza. Huo si ubovu. Anayehitaji kusubiri asubiri akiwa amesimama mahali pamoja, nje.

Je, ni GPS kweli?

Malalamiko mengi yanayoitwa ya GPS ni ya kitu kingine. Ikiwa nukta ya bluu iko mahali pake lakini mshale wake unaelekea upande usiofaa, kilichokosea ni dira ya simu, wala si GPS. Dira huvurugwa na sumaku, na sumaku imo katika makava mengi ya kufunika na katika vishikio vya kubandika simu ndani ya gari. Ondoa kava, sogea mbali na chuma, kisha izungushe simu hewani kwa kuchora umbo la tarakimu 8 mara chache.

Ikiwa nukta inaonekana lakini ramani ni weupe mtupu, basi kilichokosekana ni picha ya ramani, ambayo ndiyo inayotumia bando. Programu kadhaa za ramani huruhusu kupakua ramani ya eneo zima mapema, na anayesafiri kwenda vijijini atafanya vyema kuipakua akiwa bado mjini.

Ikiwa nukta imezungukwa na duara kubwa, simu inakiri kwamba haina uhakika, nayo inaweza kuwa popote ndani ya duara hilo. Hapo ndipo uchunguzi wa GPS yenyewe unapoanza.

Toka nje. Mawimbi ya setelaiti hufika ardhini yakiwa dhaifu mno, na paa la bati huyazuia. Katika vichochoro vya maghorofa, kama vile Kariakoo, mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, na simu ikadhani uko mtaa wa pili. Simama uwanjani, penye anga wazi pande zote, usubiri dakika tano. Mahali kama hapo simu nzima huweza kutaja mahali ilipo kwa kosa la mita tano hivi. Simu inayofanya kazi uwanjani na kushindwa dukani haina ugonjwa wowote, na fundi atakayekubali fedha yako kwa ajili hiyo hakutendei haki.

Mipangilio inayokosewa mara kwa mara

Fungua mipangilio, uingie sehemu ya mahali, uhakikishe imewashwa. Kisha itazame ruhusa ya programu inayokusumbua, maana kila programu huombewa ruhusa yake. Simu za sasa huweza kuipa programu mahali pa kukadiria tu badala ya mahali halisi, na mtu aliyebonyeza haraka siku ya kwanza huwa hakumbuki alichokubali. Dereva wa programu ya usafiri anahitaji mahali halisi. Programu ya tochi au ya mchezo haihitaji chochote, na ni vyema inyimwe.

Hali ya kuokoa betri nayo hustahili kutazamwa kwa makini. Inapowashwa, simu nyingi hunyamazisha GPS skrini inapozimika, au huifungia programu inayofanya kazi kwa nyuma. Dalili yake hujulikana kwa urahisi: mwanzo na mwisho wa safari huonekana sawa, lakini katikati njia huchorwa mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba pikipiki iliruka juu ya nyumba. Iondoe programu husika katika vizuizi vya betri. Weka pia tarehe na saa zijirekebishe zenyewe.

Baada ya hapo, zima simu na kuiwasha tena, pokea masasisho yaliyopo, na ufute akiba ya programu ya ramani. Kuirejesha simu katika hali ya kiwandani kuwe hatua ya mwisho kabisa. Hufuta picha, majina na ujumbe, na baadhi ya simu hudai nywila ya akaunti ya zamani kabla ya kufunguka tena; aliyeisahau hubaki na simu iliyojifunga. Hifadhi vyote kwingine kwanza.

Ikiwa kosa ni la ndani ya simu

Zipo programu za bure zinazoonyesha setelaiti zinazosikika na nguvu ya kila moja. Chini ya anga wazi, simu nzima huonyesha setelaiti nyingi, na kadhaa kati yake huwa na nguvu ya 30 na kuendelea. Ikiwa orodha ni tupu baada ya dakika kumi na tano, yaelekea kipokezi hakifanyi kazi, au simu haikuwekewa hicho kipokezi tangu awali. Baadhi ya tableti za bei nafuu ndivyo zilivyo. Ikiwa setelaiti zinaonekana lakini zote ni dhaifu mno, shuku antena.

Antena ya GPS mara nyingi imo katika fremu au katika mfuniko wa nyuma, na huunganishwa na bodi kwa vishikizo vidogo vya chuma. Simu ikianguka, ikiingia maji, au ikifunguliwa kubadilishwa kioo na kufungwa bila skrubu zote, vishikizo hivyo huachana. Kwa hiyo jiulize: tatizo lilianza lini? Likianza siku uliyoichukua simu kwa fundi, mrudie fundi huyo huyo ukiwa na risiti. Kusafisha na kukaza vishikizo ni kazi ndogo, na haifai kutozwa kama kubadilisha bodi.

Kabla ya kuiacha simu popote, toa laini na kadi ya kumbukumbu, na usimpe mtu yeyote namba ya siri ya akaunti yako ya fedha. Taka bei ya kazi iandikwe kabla simu haijafunguliwa. Taka kipuri cha zamani urudishiwe. Siku ya kuichukua, usiijaribu ndani ya kibanda. Toka naye nje, mwitazame pamoja, ndipo ulipe kilichobaki.

Simu ikiwa bado ndani ya muda wa dhamana, usimruhusu fundi wa mtaani aifungue, kwani muuzaji anaweza kukataa dhamana kwa sababu hiyo. Piga picha ya skrini ukiwa uwanjani, ikionyesha setelaiti na saa, uandike tarehe, uipeleke dukani pamoja na risiti na hati ya dhamana. Malalamiko yawe kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Muuzaji akikataa kusikiliza, mlaji wa Tanzania anaweza kuipelekea shauri lake Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Karatasi ulizotunza ndizo zitakazosema kwa niaba yako.

Kwa anayenunua simu leo, uchunguzi wote huu huchukua dakika chache akiwa bado hajalipa. Bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho ya simu, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili uone kama jina la simu litakalorudi ni lile lililoandikwa kwenye boksi. Kisha mwombe muuzaji mtoke nje ya duka, uwashe ramani, uone nukta itatua wapi.