Ushungi ni Wako, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, kuna swali ambalo mabinti wanaojifunga ushungi kwa moyo mmoja huniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nikiwatetea wanawake wa Iran wanaochoma hijabu barabarani, si nitakuwa naipinga dini yangu?"

Hapana. Kaa nikueleze.

Enzi za bibi zao, Iran hiyo hiyo ilikuwa inavua. Januari 1936 mfalme Reza Shah alipiga marufuku chador, lile shuka refu linalokaribiana na buibui letu. Polisi waliwavizia wanawake njiani, wakawavua kwa nguvu, na mashuka mengine yakararuliwa hapo hapo. Wapo waliojifungia ndani, hata sokoni hawaendi, kwa haya ya kutembea kichwa wazi. Hebu fikiria mama mwenye wajukuu anavuliwa na askari anayelingana na mwanawe!

Yakaja mapinduzi. Machi 7, 1979, kiongozi wake, Ayatollah Khomeini, akatangaza kwamba wanawake wasiingie wizarani bila hijabu. Kesho yake, Siku ya Wanawake, maelfu wakamwagika mitaani Tehran kupinga. Kumbuka, wengi wao ndio waliokuwa wameandamana kumng'oa Shah mwingine, mwana wa Reza, na wengine walijitanda chador kwa hiari yao ili kumwonyesha kwamba wamemkataa. Haikusaidia. Kufikia 1983 sheria ilishasema: asiyejifunika, viboko hadi 74.

Ndipo tunafika kwa Mahsa Amini, binti wa Kikurdi wa miaka 22 kutoka Saqqez. Alikuwa matembezini Tehran na nduguye, Septemba 13, 2022, polisi wa maadili walipomkamata wakidai hajajisitiri ipasavyo. Siku tatu baadaye alifia hospitalini. Serikali ikasema ni maradhi. Mwaka 2024 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihitimisha kwamba dola ya Iran ndiyo inayobeba dhamana ya ukatili uliomuua. Siku ya maziko yake, wanawake wa Saqqez walivua vitambaa vyao palepale makaburini.

Mdogo wangu, mkono uliomvua bibi ndio huo huo uliomvisha mjukuu. Ukimtetea Mahsa unautetea na ushungi wako, maana anayeruhusiwa kuvisha kwa fimbo, kesho ataruhusiwa kuvua kwa fimbo. Ndiyo maana naumia vilevile nikikumbuka kwamba tangu 2004 binti wa Ufaransa haruhusiwi kuingia shule ya serikali na hijabu yake.

Sasa turudi nyumbani. Mdogo wako akivua ushungi, usimvute nywele wala usikimbilie kumwita shangazi. Muulize yeye, mkiwa wawili, kisha nyamaza asikike. Huenda kuna mtu anamcheka shuleni, huenda ana yake moyoni.

Na wewe uliyeposwa, muulize mchumba mapema, kabla mahari haijapokelewa: siku nikitaka kujifunga nikab, au nikitaka kubaki na mtandio tu, utafanyaje? Msikilize vizuri. Akisema, "Tutaongea," mwambie muongee leo. Akisema atakunyoosha, mweleze mama au somo yako usiku huo huo. Na kama tayari umeolewa na unapigwa kwa sababu ya nguo, vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia. Nenda na mtu mzima unayemwamini, usiende peke yako.