Mdogo wangu ananuka pombe

SWALI: Mdogo wangu wa miaka 19 hukesha na miraa hapa kambi ya Hagadera, na siku hizi ananuka pombe. Wazee wanataka afukuzwe nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Msimfukuze, dada. Anza na miraa: katinoni iliyomo hufukuza usingizi, na wapo vijana wanaokunywa pombe alfajiri ili walale tu. Kwamba pombe ni haramu analijua. Mkimkaripia atajificha zaidi, na anayejificha hunywa harakaharaka, peke yake, chochote anachopata. Muulize kwa upole, mkiwa wawili, hunywa mara ngapi. Ikiwa ni kila siku, asiache ghafla bila daktari: anaweza kupata degedege, hata kufa. Mpeleke hospitali ya kambini. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nao hupokea simu bure, nambari 1192.