Maji Yamesafishwa: Je, Tunayaweka Wapi?



Katika parokia zetu kazi ya maji hupimwa kwa visima vilivyochimbwa na chupa za klorini zilizogawiwa. Lakini maji yakishachemshwa au kutiwa dawa hukaa nyumbani kutwa nzima, na hapo ndipo mara nyingi yanapochafuka tena. Mikono hutumbukizwa pamoja na kikombe, mfuniko huachwa pembeni. Ndiyo maana somo letu safari hii linahusu chombo.

Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi ya Nyamithuthu nchini Malawi, baadhi ya kaya zilipewa ndoo za lita 20 zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia. Nyingine ziliendelea na ndoo za kawaida. Katika kaya zenye ndoo mpya, vijidudu vya kinyesi kwenye maji vilipungua kwa asilimia 69, na kuharisha kwa watoto walio chini ya miaka 5 kulikuwa pungufu kwa asilimia 31. Kilichobadilika ni chombo tu.

Tunapochagua chombo, tuangalie mambo haya:

1. Mdomo. Upana wa sentimita 6 hadi 9 unatosha kujaza na kusafisha, lakini unazuia mikono na vikombe kuingia.

2. Mfuniko. Uwe wa kukaza. Huzuia vumbi, na pia mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue na hupenda kutaga kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani.

3. Koki. Ndoo yenye koki ni bora. Pasipo koki, dumu la kumiminia linafaa.

4. Plastiki. Iwe ya kuhifadhia chakula, na isipitishe mwanga, maana mwanga huotesha ukijani ndani. Dumu la mafuta ya kupikia linafaa likioshwa vizuri kwa sabuni na maji ya moto. Lililobeba dawa ya mimea, rangi au mafuta ya taa lisitumike kamwe, hata likioshwa mara kumi.

5. Ukubwa. Lita 20 ni uzito wa kilo 20. Chombo kiwekwe juu ya kigoda imara na kijazwe papo hapo. Tena ujazo wake ujulikane, ili kipimo cha dawa kilichoandikwa kwenye chupa kifuatwe bila kukisia.

Je, mtungi wa udongo tuutupe? Hapana. Unapoza maji na wazee wetu wanaupenda. Huko Nyanza, Kenya, vikundi vya akina mama wafinyanzi vilitengeneza mitungi yenye shingo nyembamba, mfuniko na koki. Tukumbuke tu kwamba klorini hupungua upesi zaidi ndani ya udongo, hivyo maji yatiwe dawa kila mtungi unapojazwa, na yanywewe ndani ya siku moja.

Usafi wa chombo. Kioshwe kwa sabuni kwanza. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha klorini ya nyumbani isiyo na manukato katika lita moja ya maji, mimina ndani, funika na utikise hadi pande zote zilowe. Subiri nusu dakika au zaidi, mwaga, kisha suuza kwa maji salama. Koki nayo ipitishiwe maji hayo ya dawa.

Kwa kamati za parokia: mnapoandaa bajeti ya maji, wekeni fungu la vyombo, na msisahau koki za akiba. Koki ikivunjika na hakuna nyingine, mfuniko hufunguliwa na kikombe hurudi ndani.

Kwa wafadhili wetu: tunawashukuru kwa visima. Tunaomba msione haya kuchangia ndoo na koki. Havina jiwe la msingi wala utepe wa kukata, lakini mtoto hanywi kisimani. Anakunywa kwenye ndoo ya nyumbani kwao.